Wavu na Samaki: Historia ya Kuhesabu Saratani ya Tezi Dume

Msomaji, ukiambiwa kwamba katika upande mmoja wa dunia wanaume 83 katika kila 100,000 huonekana na ugonjwa fulani kila mwaka, na katika upande mwingine ni wanaume 6 tu, utasema nini? Bila shaka utasema kwamba upande wa kwanza una ugonjwa mwingi, na kwamba watu wa upande wa pili wamejaliwa afya njema. Jibu hilo ni la akili, lakini si lazima liwe la kweli. Wavuvi wawili huweza kuvua katika bahari moja na siku moja. Mmoja akarudi na samaki tele, wakubwa kwa wadogo, na mwenziwe akarudi na wawili watatu tu. Kabla ya kusema kwamba bahari imempendelea yule wa kwanza, yafaa tutazame nyavu zao. Mwenye wavu wa macho madogo hukokota hata dagaa. Mwenye wavu wa macho makubwa huwaacha wapite.

Hesabu niliyotaja ni ya kweli. Ni makadirio ya mwaka wa 2020 yaliyotolewa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko mjini Lyon, Ufaransa. Ugonjwa wenyewe ni saratani ya tezi dume. Kiwango cha juu kilikuwa cha Ulaya ya Kaskazini, na cha chini kilikuwa cha Asia ya Kusini na ya Kati. Katika insha hii nataka tufuate historia ya ugonjwa huu, tupate kujua ni kiasi gani cha tofauti hiyo kinatokana na bahari, na ni kiasi gani kinatokana na wavu. Jambo hili si mchezo wa hesabu tu. Ziko sehemu ambazo wanaume wameumizwa kwa sababu ugonjwa ulitafutwa kupita kiasi, na ziko sehemu ambazo wanaume wamekufa kwa sababu haukutafutwa hata kidogo.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Tezi dume ni kiungo kidogo cha mwanamume, kilichokaa chini ya kibofu na kuuzunguka mwanzo wa njia ya mkojo. Kazi yake ni kutoa majimaji yanayochukua mbegu za uzazi. Mwanamume akizeeka, mara nyingi tezi hii hukua na kuubana mkojo. Huko kukua peke yake si saratani. Saratani ni jambo jingine: ni pale chembe za mwili, yaani seli, zinapoasi na kuzaana bila kipimo.

Na hapa ndipo penye fundo la habari yetu. Saratani ya tezi dume haina tabia moja. Iko inayolala usingizi mrefu, mwenye nayo akaishi miaka mingi na kufa kwa uzee au kwa maradhi mengine pasipo kujua kwamba alikuwa nayo. Iko nayo ile inayokimbia, ikatoka katika tezi na kuingia katika mifupa ya mgongo na nyonga, ikamtesa mtu kwa maumivu makali na kumwua. Zikiwa bado changa, si rahisi hata kwa tabibu hodari kusema kwa yakini ipi ni ya kulala na ipi ni ya kukimbia. Shika jambo hilo moyoni, maana mengine yote yanatokana nalo.

Mwaka wa 1853 tabibu mpasuaji wa London, jina lake John Adams, aliandika habari za mgonjwa mmoja mwenye umri wa miaka 59 aliyekuwa na saratani hii, nayo ikathibitishwa kwa hadubini. Adams alisema kwamba ugonjwa huo ni wa nadra sana. Je, ulikuwa nadra kweli? Fikiri hali ya siku zile. Wanaume wengi hawakufika umri ambao ugonjwa huu huanza kushambulia. Mzee aliyezuiwa na mkojo alisemekana kuwa anasumbuliwa na uzee tu. Akifa, huzikwa, na habari yake ikaishia hapo. Ni wachache mno waliopimwa nyama zao kwa hadubini. Kitu kisichotafutwa hakikosi kuonekana adimu.

Matibabu yalianza taratibu. Mwaka wa 1904 Hugh Hampton Young, wa Hospitali ya Johns Hopkins katika mji wa Baltimore, Marekani, alifanya operesheni ya kuitoa tezi yote iliyokuwa na saratani. Mwaka wa 1941 Charles Huggins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni za kiume. Homoni hizo zikizuiwa, hata ugonjwa uliokwisha kuenea mifupani hunyong'onyea kwa muda. Kwa uvumbuzi huo Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1966.

Lakini katikati ya miaka hiyo lilitokea jambo ambalo watu wengi hawakulitilia maanani. Mwaka wa 1935 mwanachuoni mmoja wa hospitali ile ile ya Baltimore, Arnold Rich, alitangaza matokeo ya kuchunguza maiti za wanaume 292 waliokuwa wamepita umri wa miaka 50. Katika maiti 41, yaani asilimia 14, alikuta saratani ndani ya tezi dume. Na wengi wa watu hao hawakujulikana kuwa nayo walipokuwa hai. Kumbe ugonjwa ulioitwa adimu ulikuwa umejificha ndani ya miili ya wazee wengi, umelala. Bahari ilikuwa na samaki wengi wadogo. Kilichokosekana ni wavu wa kuwakamata.

Wavu huo ulisukwa baadaye. Mwaka wa 1979, mjini Buffalo katika Marekani, M. C. Wang na wenzake waliweza kuitenga protini inayotengenezwa na tezi dume, ambayo sasa hujulikana kwa herufi tatu: PSA. Protini hiyo huingia katika damu kidogo kidogo, na saratani ikiwapo mara nyingi huzidi. Lakini huzidi pia tezi ikivimba kwa uzee au ikiwa na uchungu, kwa hiyo kipimo hiki ni kama mbwa wa mlinzi: hubweka ajapo mwizi, na hubweka ajapo mgeni. Mwaka wa 1986 serikali ya Marekani iliruhusu kipimo hicho kitumike kuwaangalia wagonjwa waliokwisha kujulikana; mwaka wa 1994 ikaruhusu kitumike kusaidia kuutafuta ugonjwa kwa watu wengine. Matabibu wengi, hata hivyo, hawakuingoja ruhusa hiyo ya pili. Walianza kuwapima wanaume wasio na dalili yoyote, na waliobwekewa na kipimo walichomwa sindano ya kutoa vinyama vya tezi vikatazamwe.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Kutoka mwaka wa 1986 mpaka 1992 kiwango cha wagonjwa wapya katika Marekani kilipanda karibu mara mbili, kisha kikaanza kushuka. Sasa jiulize, msomaji: ni saratani gani iwezayo kuongezeka maradufu katika taifa zima kwa miaka sita, na kupungua mara moja baada ya hapo? Chakula cha watu hakikubadilika kiasi hicho, wala damu ya wazazi wao. Kilichobadilika ni wavu. Ulipotupwa mara ya kwanza ulikokota samaki wa miaka mingi waliokuwa wamejikusanya. Walipokwisha kuvuliwa, mavuno yakapungua.

Tena wavu huo haukutupwa sawasawa kila mahali. Mji wa Seattle uko upande wa magharibi wa Marekani, na jimbo la Connecticut liko mashariki. Katika miaka ya 1987 mpaka 1990 wanaume wazee wa sehemu ya Seattle walipimwa PSA zaidi ya mara tano kuliko wenzao wa Connecticut, na walitolewa vinyama vya tezi zaidi ya mara mbili. Wataalamu waliona kwamba tofauti hii ni nafasi njema ya kujifunza. Wakawafuata wanaume wenye umri wa miaka 65 mpaka 79, karibu 95,000 wa Seattle na zaidi ya 120,000 wa Connecticut, muda wa miaka kumi na mmoja, wakatangaza waliyoyaona mwaka wa 2002. Katika miaka kumi, wanaume 27 katika kila 1,000 wa Seattle walikuwa wametolewa tezi kwa operesheni. Katika Connecticut walikuwa 5 tu. Basi utatazamia kwamba vifo vya saratani hii vilipungua Seattle kuliko Connecticut. La, haikuwa hivyo. Vifo vya pande zote mbili vilikuwa karibu sawa.

Usiipite habari hiyo upesi. Kutolewa tezi dume si sawa na kung'olewa jino. Wanaume wengi wanaofanyiwa operesheni hii hupoteza nguvu zao za kiume, na wengine hushindwa kuzuia mkojo. Ikiwa saratani ile ingalilala mpaka mwisho wa maisha ya mtu, basi amelipa gharama kubwa ya kuondolewa adui ambaye asingemdhuru. Naye mwenyewe hawezi kujua. Atamshukuru tabibu kwa kumponya, na hesabu ya nchi itamwandika miongoni mwa waliopona.

Je, tuseme basi kwamba kutafuta hakuna faida? Haraka hiyo nayo haina baraka. Tuvuke bahari twende Austria, katika jimbo la milima liitwalo Tyrol. Huko, mwaka wa 1993, wanaume wenye umri wa miaka 45 mpaka 75 walianza kupimwa PSA bila malipo, na matibabu yalikuwa karibu nao. Katika miaka iliyofuata vifo vya saratani hii vilipungua Tyrol kuliko sehemu nyingine za Austria. Wako waliosema kwamba sababu ni kupimwa. Wako waliosema kwamba vifo vilipungua upesi mno kuwa kazi ya kipimo peke yake, na kwamba ubora wa matibabu lazima upewe sehemu yake ya sifa. Kwa hiyo Seattle ilishuhudia upande mmoja, na Tyrol upande mwingine.

Ili kukata shauri, ilibidi majaribio makubwa yafanywe, ambayo wanaume hugawanywa kwa kura, hawa waitwe kupimwa na wale waachwe. Mwaka wa 2009 majaribio mawili yalitangazwa katika toleo moja la jarida la matabibu. La Ulaya, lililochukua wanaume 162,000 wenye umri wa miaka 55 mpaka 69 katika nchi saba, lilionyesha kwamba vifo vilipungua kwa asilimia 20. Lakini ili kuzuia kifo kimoja katika miaka tisa hivi, ilibidi wanaume 1,410 waitwe kupimwa, na wanaume 48 zaidi waonekane na saratani na kutibiwa. La Marekani, lililochukua wanaume 76,000 hivi, halikuonyesha faida yoyote. Walakini wengi wa wale ambao hawakuitwa walikwenda kupimwa wenyewe, hata mizani ikaharibika. Mwaka wa 2012 kamati ya wataalamu inayotoa miongozo ya kinga katika Marekani ilishauri wanaume wasio na dalili wasipimwe. Mwaka wa 2018 ilibadili shauri: mwanamume wa miaka 55 mpaka 69 azungumze na tabibu wake, apime faida na hasara, kisha aamue mwenyewe.

Uingereza nayo iliuliza swali la pili: ugonjwa ukiisha kuonekana mapema, je, ni lazima kutibiwa papo hapo? Wanaume 1,643 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: la operesheni, la mionzi, na la kuangaliwa tu kwa vipimo vya mara kwa mara. Matokeo ya miaka 15 yalitangazwa mwaka wa 2023. Katika makundi yote matatu waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa karibu 3 tu katika kila 100. Ndipo matabibu wengi walipokubali kwamba kungoja kwa macho yaliyo wazi ni matibabu pia.

Sasa turudi kwetu, Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1897 Albert Cook alifika Uganda kwa miguu kutoka pwani ya Mombasa, akaanzisha hospitali ya Mengo, Kampala. Alikuwa mtu wa kuandika; habari za wagonjwa wake zilihifadhiwa mwaka baada ya mwaka. Jambo hilo lilikuwa na faida kubwa kuliko alivyoweza kudhani. Siku za ukoloni wako watu wengi waliosema kwamba saratani ni maradhi ya nchi zilizoendelea, na kwamba Mwafrika haimpati ila kwa nadra. Mwaka wa 1951 daftari la kuandikisha wagonjwa wa saratani lilifunguliwa Kampala, nalo ni miongoni mwa madaftari ya zamani kabisa barani Afrika. Kisha wataalamu wa Makerere walizipekua karatasi za Mengo za miaka ya 1897 mpaka 1956, wakatangaza mwaka wa 1964 kwamba saratani haikuwa jambo geni hata kidogo. Ilikuwapo tangu siku za mwanzo za hospitali ile. Waliosema ni adimu walikuwa wamekosea kama alivyokosea John Adams wa London, na kwa sababu ile ile.

Mwaka wa 1977 Kampala ilishiriki tena katika jambo kubwa. Wachunguzi walilinganisha tezi dume za maiti kutoka sehemu saba: Uganda, Jamaica, Sweden, Ujerumani, Israeli, Singapore na Hong Kong. Waliona kwamba zile saratani ndogo kabisa, za kulala, zilikuwa karibu sawa kila mahali, kiasi cha asilimia 12. Zile kubwa zilizoanza kupenya ndizo zilizotofautiana baina ya nchi na nchi. Ona basi jinsi ukweli ulivyo na pande mbili. Samaki wadogo wamo katika bahari zote. Mwenye kuwatafuta atawapata, awe Kampala au Hong Kong. Lakini papa si sawa kila mahali.

Kwa nini papa wazidi mahali fulani? Sehemu ya sababu imo katika nasaba. Katika Marekani wanaume weusi hufa kwa saratani hii karibu mara mbili ya weupe, na vifo vya Karibi, ambako wengi ni wazao wa Waafrika, ndivyo vilivyokuwa vya juu kupita vyote duniani katika makadirio yale ya mwaka wa 2020. Sehemu nyingine imo katika maisha yenyewe: Wajapani waliohamia Hawaii walionekana na saratani hii zaidi kuliko ndugu zao waliobaki Japani, ingawa nasaba yao ni moja. Na sehemu nyingine imo katika matibabu.

Hapo ndipo penye uchungu wetu. Ulaya ya Kaskazini, iliyoongoza kwa wagonjwa wapya, haikuongoza kwa vifo. Afrika kusini ya Sahara, ambayo vipimo vyake ni vichache, ilikuwa miongoni mwa sehemu zenye viwango vya juu vya vifo. Katika Kenya madaftari ya saratani yalifunguliwa Eldoret mwaka wa 1999 na Nairobi mwaka wa 2001, na makadirio ya mwaka wa 2020 yalionyesha wagonjwa wapya wa tezi dume zaidi ya 3,000 kwa mwaka, wengi kuliko wa saratani nyingine yoyote ya wanaume. Wengi hufika hospitali wakati ugonjwa umekwisha kuingia mifupani, ambapo tabibu aweza kuupunguza mwendo, lakini hawezi kuurudisha ulikotoka. Na matibabu yenyewe hayakuwa karibu. Kwa miaka mingi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ilikuwa ndiyo hospitali pekee ya serikali nchini yenye matibabu ya mionzi. Katika Uganda mashine ya mionzi ya pekee iliyokuwapo Mulago iliharibika mwaka wa 2016, na mpya ilizinduliwa mwaka wa 2018. Katika muda huo wagonjwa waliohitaji mionzi iliwabidi kuifuata nje ya nchi, nao wasio na uwezo walibaki.

Basi tumejifunza nini? Tumejifunza kwamba hesabu ya wagonjwa ni kipimo cha ugonjwa, na vile vile ni kipimo cha bidii ya wanaoutafuta. Kila utakapoletewa hesabu ya namna hii, iwe ya saratani au ya jambo jingine lolote, uliza maswali matatu. Nani waliohesabiwa, na nani walioachwa? Walitafutwa kwa njia gani? Na wangapi walikufa? Swali la tatu ndilo gumu kudanganywa, maana wavu huongeza samaki, lakini hauongezi makaburi.

Tumejifunza pia kwamba dawa ya Seattle si lazima iwe dawa ya Siaya au ya Kwale. Tatizo la Seattle lilikuwa ni wazee waliopimwa na kupasuliwa pasipo haja. Tatizo letu ni wazee wanaonyamaza. Baba na babu zetu wamelelewa kuona haya kutaja habari za mkojo na za uzazi, hata mbele ya tabibu. Mzee huamka mara nne usiku, husimama kwa shida, huona damu, huumwa na mgongo usiopona, na husema ni uzee. Mara nyingi husema kweli, kwa sababu si kila tezi iliyokua ni saratani wala si kila mgongo unaouma una ugonjwa huu. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua.

Wewe unayesoma maneno haya umepewa elimu ambayo wao hawakupewa. Usiitumie kuwatisha, wala usiitumie kujigamba. Itumie kuwaambia kwa adabu kwamba kuna ugonjwa wa wanaume ambao huwapata zaidi wazee, na zaidi wale ambao baba zao au ndugu zao waliugua. Kwamba wenye dalili wasikawie kumwona tabibu. Na kwamba asiye na dalili akitaka kupimwa ana haki ya kuelezwa faida na hasara zote mbili kabla ya kutolewa damu. Nanyi mtakaokuwa matabibu, waandishi wa madaftari na watunza fedha za nchi, kumbukeni karatasi za Mengo. Aliyeandika kwa uaminifu habari za wagonjwa wake, mmoja mmoja, ndiye aliyewawezesha waliokuja baadaye kuukanusha uongo.